Pikapu Inakula Pesa Hata Ikiwa Imepaki: Piga Hesabu ya Uchakavu Kabla Hujanunua

Kila mavuno yakiisha simu yangu haipumziki, na swali karibu ni lile lile: "Bwana shamba, nimeshika hela kidogo ya nyanya, nichukue pikapu gani?" Mwingine ana hela ya viazi, mwingine ya vitunguu. Swali zuri. Ila wengi wakiuliza hapo wanataka kujua mambo mawili tu, bei ya kununulia na ulaji wa mafuta. Ni wachache sana wanaoniuliza hili la tatu: siku nikiiuza, itanirudishia shilingi ngapi?

Hilo la tatu ndilo linaloamua kama gari ni mali au ni shimo. Mafuta unayaona kwa sababu unalipa pampuni kila siku. Servisi unaiona kwa sababu fundi anakudai. Uchakavu hauonekani, hakuna anayekuja kukudai. Unakuja kuuona siku moja tu, siku dalali anapozunguka gari lako mara mbili, anainama kuangalia chini, halafu anakutajia bei inayokata tamaa. Leo tuuongelee huo uchakavu kwa namba.

Uchakavu ni nini hasa

Kwa lugha ya shambani: uchakavu ni bei uliyonunulia, toa bei utakayouzia. Basi. Ukinunua kwa milioni 45 na ukauza kwa milioni 28 baada ya miaka mitano, gari limekula milioni 17. Gawa kwa miaka mitano, unapata milioni 3 na laki 4 kwa mwaka. Hiyo ni gharama halisi ya biashara yako kama ilivyo mbegu na mbolea, ingawa hukuwahi kuitoa mfukoni kwa siku moja.

Sasa uigawe kwa kilomita. Kama gari linatembea kilomita 25,000 kwa mwaka, hiyo milioni 3.4 ni shilingi 136 kwa kila kilomita. Ukienda mjini na kurudi, tuseme kilomita 90, umetumia shilingi 12,240 ya uchakavu kabla hujaweka hata lita moja ya dizeli. Vijana wengi wanaobeba mzigo wa majirani kwa kukodisha hawaiweki hii kwenye nauli. Wanatoa mafuta, wanatoa hela ya dereva, kinachobaki wanaita faida. Siyo faida yote hiyo. Sehemu yake ni gari lenyewe, unaliuza kidogo kidogo kila safari.

Tulinganishe magari matatu

Namba hizi ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kukokotoa. Wewe weka bei za mtaani kwako, njia ya hesabu ni ile ile. Kila gari linakaa miaka mitano, linatembea kilomita 25,000 kwa mwaka.

Gari la kwanza: dabo kebini mpya kutoka kwa wakala. Bei milioni 120, baada ya miaka mitano unauza milioni 65. Uchakavu milioni 55, yaani milioni 11 kwa mwaka. Matengenezo ni madogo, tuseme milioni 1.5 kwa mwaka. Jumla milioni 12.5.

Gari la pili: Hilux iliyotumika, chasisi nzima, kadi safi. Bei milioni 45, unauza milioni 28. Uchakavu milioni 3.4 kwa mwaka. Matengenezo milioni 2.5. Jumla milioni 5.9.

Gari la tatu: pikapu iliyotumika ya aina ambayo mafundi wa kwenu hawaijui na spea zake mpaka uagize. Bei milioni 28, unauza milioni 8. Uchakavu milioni 4 kwa mwaka. Matengenezo milioni 4.5 maana kila kitu ni cha kuagiza. Jumla milioni 8.5.

Umeona? Gari la tatu lilikuwa rahisi kwa milioni 17 siku ya kununua, lakini kila mwaka linakugharimu milioni 2.6 zaidi ya Hilux. Na hapo sijahesabu siku linapolala gereji likisubiri spea huku nyanya zinaiva shambani.

Ila tusikimbie haraka. Hiyo milioni 17 ya ziada unayoiweka kwenye Hilux ni mtaji, na mtaji una kazi nyingine. Milioni 2.6 kwa mwaka juu ya milioni 17 ni karibu asilimia 15. Maana yake ni hii: kama milioni 17 hiyo unaikopa kwa riba inayozidi asilimia 15, faida ya kununua gari linalotunza bei imekwisha. Au kama ukiiweka kwenye kisima na mabomba ya matone itakurudishia zaidi ya hapo kila mwaka, basi kanunue kisima, gari zuri litafuata. Anayekuambia "chukua Hilux, haina hasara" bila kukuuliza hela inatoka wapi, hajakupa ushauri uliokamilika.

Je, unahitaji gari kweli? Kama kukodi Kirikuu kwenu ni laki moja kwa siku pamoja na mafuta na dereva, ile milioni 3.4 ya uchakavu peke yake inakodi gari siku 34. Mtu mwenye ekari mbili anayehitaji usafiri siku 30 kwa mwaka, akinunua pikapu ananunua heshima. Heshima si kitu kibaya, lakini isiandikwe kwenye daftari la shamba.

Kwa nini pikapu nyingine hazishuki bei

Kuna mtu atakwambia Toyota ni Toyota tu, basi. Sababu zipo, na ukizijua utaweza kupima gari lolote hata kama si Toyota.

Ya kwanza ni spea na mafundi. Gari ambalo fundi wa Ilula, wa Makambako na wa Sumbawanga wote wanalifahamu, lina wanunuzi Ilula, Makambako na Sumbawanga. Ndiyo maana Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, ile ya silinda sita isiyo na turbo, inauzika hata ikiwa mzee. Fundi anaifungua bila kompyuta. Injini za kisasa zina nguvu na zinakula mafuta vizuri, lakini nozeli zake zikifa bei yake inatisha, na mnunuzi wa gari lililotumika anaiweka hofu hiyo kwenye bei anayokupa.

Ya pili ni upatikanaji. Magari mengi yaliyotumika tunayaleta kutoka Japani. Lakini Toyota iliacha kuuza Hilux huko Japani mwaka 2004, ikarudisha mwaka 2017. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi, Hilux mpya hazikuingia kwenye soko lile. Hilux za miaka hiyo, zile tunazoita Vigo, nyingi zimetengenezwa Thailand na Afrika Kusini na zinafika kwetu kwa njia nyingine, kwa bei ya juu zaidi. Kitu kisichojaa sokoni hakishuki haraka.

Ya tatu ni kodi. Gari likishuka bandarini Dar es Salaam kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 18, na gari lenye umri mkubwa linaongezewa ushuru wa uchakavu. Gharama hizo zote zinamezwa na bei ya gari lililoko mtaani. Anayetaka kununua gari lako anajiuliza, "Nikiagiza mwenyewe litanifikia kwa ngapi?" Jibu hilo ndilo dari la bei yako. Kabla hujauza, ingia kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika, weka aina na mwaka, uone kodi ya gari kama lako. Utajua pa kusimama.

Ya nne ni shilingi yenyewe, na hapa ndipo watu wanajidanganya. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Mwaka 2024 ilivuka 2,600. Magari yanaagizwa kwa dola, kwa hiyo bei ya lililoko mtaani nayo ikapanda. Ukinunua kwa milioni 35 na miaka michache baadaye ukauza kwa milioni 33, usitangaze kwamba gari halikuchakaa. Limechakaa, ila shilingi nayo imeshuka ikakufichia. Ukienda kununua lingine kama lile ulilolinunua mwanzo, ndiyo utajua.

Herufi kwenye namba isikupumbaze

Huku kwetu gari linauzwa kwa herufi. "Ni namba C hiyo, kaka." "Hii namba E, bado mpya." Herufi hiyo inakuambia gari limesajiliwa Tanzania lini. Haikuambii limetengenezwa lini. Gari la mwaka 2007 lililoingia nchini juzi lina namba E. Gari la mwaka 2014 lililonunuliwa jipya kwa wakala na likasajiliwa mwaka huo huo lina herufi ya nyuma zaidi.

Ukiwa unanunua, soma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi, si kwenye namba. Wakati mwingine utapata gari changa kwa bei ya kizee kwa sababu tu herufi yake inaonekana ya zamani. Ukiwa unauza, ujue mnunuzi wengi wao watakupiga bei kwa herufi, kwa hiyo kuwa na kadi mkononi na uwaonyeshe mwaka.

Kumbuka tu kwamba namba ya zamani ina hoja moja ya kweli ndani yake: gari limekula barabara zetu miaka mingi zaidi. Kilomita za lami na kilomita za makorongo hazilingani.

Yanayoua bei ya pikapu shambani

Haya nayaona kila wiki, na mengi yanazuilika.

Kuzidisha uzito. Pikapu ya kawaida imetengenezwa kubeba kama tani moja. Simtanki ya lita 1,000 ikijaa maji ni tani moja tayari, bado hujapanda wewe na vijana wawili. Gunia kumi za kilo mia ni tani moja. Sisi tunapakia lumbesa ishirini, tunaongeza majani ya springi ili isilale, tunajiona tumemaliza. Springi uliyoongeza haijaongeza nguvu ya chasisi. Mzigo unahamia kwenye chasisi, kwenye difu, kwenye beringi na kwenye breki. Mnunuzi mjanja akiona springi zimeongezwa, haoni gari imara, anaona gari lililoteswa. Anaenda moja kwa moja kutafuta ufa au alama ya kuchomelea kwenye chasisi nyuma ya kebini. Akiikuta, mazungumzo ya bei yanaanza upya kutoka chini.

Mbolea. Hii ni yetu wakulima peke yetu. Mbolea za chumvi kama CAN na urea zikimwagika kwenye bodi na zikapata unyevu, zinakula bati. Samadi mbichi nayo hivyo hivyo. Gari linaoshwa nje linang'aa, chini ya bodi kumeoza. Tandika turubai kabla ya kupakia, na siku ile ile ya kubeba mbolea mwaga maji mengi kwenye bodi, kwenye pembe zake na chini yake. Maji ya ndoo tano ni bei rahisi kuliko bodi mpya.

Viuatilifu. Dawa ikimwagika ndani ya kebini, harufu haitoki. Mbali na bei, ni afya yako na ya mtoto unayempeleka shule asubuhi. Dawa zikae nyuma, ndani ya boksi linalofungwa.

Kubadilisha injini kienyeji. Kadi ya gari ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukifunga injini nyingine bila kurekebisha kadi, unaweza kutembea miaka bila tatizo, lakini siku ya kuuza mnunuzi makini atalinganisha namba na kuondoka. Atakayebaki ni yule anayetaka kwa bei ya kutupa.

Kukata na kuunga. Dabo kebini iliyogeuzwa, bodi iliyorefushwa, usukani uliohamishwa kutoka kushoto kwenda kulia. Wewe uliona ubunifu, soko linaona mashaka.

Kukosa kumbukumbu. Daftari la servisi la shilingi elfu mbili lina thamani kubwa siku ya kuuza. Andika tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, jina la gereji. Bandika risiti. Kila mtu anajua kilomita za kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo namba ile peke yake haimridhishi mtu. Daftari lenye mwandiko wa miaka mitatu halitengenezwi kwa usiku mmoja.

Uchakavu wa TRA si uchakavu wa dalali

Kwa mlioanza kutunza vitabu vya hesabu, hapa kuna mkanganyiko. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka magari ya mizigo yenye uwezo chini ya tani 7 kwenye daraja la kwanza la mali zinazochakaa, kwa asilimia 37.5 kwa mwaka, ikipigwa kwenye kiasi kilichobaki.

Tuchukue gari la milioni 40. Mwaka wa kwanza linatolewa milioni 15, linabaki milioni 25. Mwaka wa pili linabaki 15,625,000. Mwaka wa tatu linabaki 9,765,625. Kwenye vitabu gari lako sasa halifiki milioni 10. Mtaani linaweza kuwa bado linauzika milioni 30.

Hakuna aliyekosea. Namba ya TRA inakupunguzia faida inayotozwa kodi mapema, hiyo ni nafuu kwako. Namba ya dalali inakuambia gari lina thamani gani kweli. Ukitumia ya TRA kuamua bei ya kuuza, utatupa mali. Na ukiuza, zile hela zinaingia kwenye hesabu za kodi, kwa hiyo zungumza na mhasibu kabla, si baada. Kama unalipa kodi kwa makadirio ya mauzo, basi hesabu hii ya vitabu haikugusi, lakini ile ya dalali inakugusa kama kawaida.

Uuze lini

Kosa kubwa ni kuuza ukiwa na shida. Mwezi wa kwanza, ada zinadaiwa, pembejeo zinahitajika, kila mwenye gari anataka kuuza na mwenye hela hayupo. Huku Nyanda za Juu Kusini, baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa, hela iko mikononi mwa watu na wanatafuta magari. Kwa hiyo kama unaweza kupanga, uza wenzako wakiwa na hela, nunua wenzako wakiwa na shida.

La pili, uza kabla ya tengenezo kubwa, si katikati yake. Gari likianza kutoa moshi au klachi kuteleza, una njia mbili za maana: tengeneza vizuri na uendelee nalo miaka miwili mitatu, au uza sasa ukimwambia mnunuzi ukweli. Njia ya tatu, ya kutia dawa ya kuficha moshi na kumuuzia mtu, inakurudia. Mnunuzi wako ni mtu wa wilaya hii hii, na jina lako ndilo unalouzia mazao.

La tatu, safisha karatasi. Kadi iwe kwa jina lako, faini za barabarani ziwe zimelipwa, bima iwe hai. Kama kadi bado ina jina la mmiliki wa nyuma yako, anza kuhamisha sasa. Watu wamepoteza wanunuzi wazuri kwa sababu mwenye jina kwenye kadi amehamia Mwanza au amefariki na ndugu hawaelewani.

Cha kufanya wiki hii

Kama tayari una pikapu, chukua daftari. Andika ulinunua kwa ngapi na lini. Muulize dalali mmoja na fundi mmoja, wasiojuana, leo lingeuzwa ngapi. Toa, gawa kwa miaka, gawa kwa kilomita. Namba utakayopata iweke kwenye kila safari, na kiasi hicho ukitenge kwenye akaunti yake, mbali na hela ya mbolea.

Namfahamu kijana mmoja wa vitunguu anayefanya hivyo. Kila safari anatuma hela ya uchakavu kwenye laini ya simu ambayo hata mke wake ndiye mwenye namba ya siri. Wenzake walimcheka. Gari lake la kwanza lilipochoka aliliuza, akaongezea hela ya kwenye laini, akachukua lingine bila kukopa wala kuuza shamba. Jirani yake alinunua gari la aina ile ile, mwaka ule ule, na alibeba mzigo mwingi kuliko yeye. Lake liko juu ya mawe nyuma ya nyumba, na sasa anamkodi mwenzake kupeleka vitunguu sokoni.

Kama bado hujanunua, jaza kwanza mistari hii minne: bei ya kununua, bei ya kuuza baada ya miaka mitano, matengenezo kwa mwaka, na siku ambazo kweli utalitumia. Ukishajaza, niandikie hapo chini namba zako na zao unalolima, tupige hesabu pamoja. Wiki ijayo nitaongelea trela la trekta dogo, maana kuna wengine humu hawahitaji pikapu kabisa.